Nilivyoifufua Baiskeli ya Baba Mkwe kwa Siri, na Gharama ya Siri Hiyo

Nilipoikuta baiskeli ile kwenye stoo ya mama mkwe, Muheza, kuku alikuwa ametaga mayai manne ndani ya kapu lililosahauliwa juu ya keria. Tairi zilikuwa zimeoza na kushikana na sakafu. Kutu ilikuwa imelila madigadi ya nyuma mpaka kidole kinapenya. Lakini usukani ulizunguka, na nembo ya shaba ya Raleigh, yenye kichwa cha korongo, ilikuwa bado pale mbele. Nikasema moyoni, zawadi nimeipata.

Mume wangu alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Amelitumikia halmashauri tangu ujana wake, na mimi niliyelala naye miaka yote hii nilijua kinachomnyima usingizi: kuamka Jumatatu asiwe na pa kwenda. Baiskeli ile ilikuwa ya marehemu baba yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeinunua mwaka 1962. Mume wangu kazaliwa 1964, kwa hiyo ameikuta nyumbani. Alipakiwa mbele, juu ya lile bomba la juu la fremu, ameshika usukani katikati ya mikono ya baba yake. Alipokua kidogo alijifunza kuiendesha kwa kupenyeza mguu katikati ya fremu, mwili wote umeinamia upande mmoja, kama walivyojifunza watoto wote wa enzi zile ambao miguu haikufika kwenye pedali. Miaka ya sabini mzee alitoka darasani mchana, jioni akaipanda tena kwenda kufundisha kisomo cha watu wazima vijiji vya jirani. Baada ya vita vya Kagera, bidhaa zilipoadimika na tairi ikawa haipatikani, alijaza majani makavu ndani ya tairi ya nyuma akaendelea na safari zake. Hizo ni hadithi nilizozikuta nilipoolewa. Husimuliwa kila Idi.

Nilimwomba mama mkwe anipe ile baiskeli, nikamweleza nia yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ichukue, mwanangu. Isafishe, lakini usiifanye mpya." Nikaitikia, "Sawa, mama," kwa adabu tu, kama mtu anavyomwitikia mzee huku akili iko kwingine. Sikumuuliza ana maana gani. Laiti ningeuliza.

Niliipakia kwenye gari la mizigo mpaka Tanga mjini, nikaificha uani kwa jirani yangu chini ya turubai. Bajeti yangu ilikuwa shilingi 120,000, niliyotenga kutoka kwenye zamu yangu ya mchezo wa akina mama wa mtaani. Niliona ni nyingi. Baiskeli si vyuma tu na mipira?

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu, ana kibanda karibu na soko. Aliitazama mara moja akasema, "Mama, niachie siku tatu." Hilo peke yake lilitosha kunitahadharisha, na halikunitahadharisha. Kazi ya baiskeli ya miaka 60 iliyolala stoo haiwezi kuwa ya siku tatu. Kutu peke yake inahitaji siku kadhaa za kulowekwa mafuta ya taa kabla hujaigusa kwa spana. Anayekuahidi siku tatu anapanga kutumia nguvu.

Na nguvu aliitumia. Kwenye baiskeli hizi za zamani, mikono ya pedali inabanwa kwenye ekseli na kipini cha chuma kinachoitwa kotapini. Kipini hicho kikikaa miaka mingi kinashikana na ekseli kama kimechomelewa. Kijana alikipiga nyundo bila kuweka kitu chini ya mkono wa pedali wa kuupokea mshindo, basi mshindo wote ukaenda kwenye gololi na vile vikombe vya chuma vinavyozishika, kimoja kila upande wa fremu. Kisha akaenda kukifungua kikombe cha upande wa kulia kwa kuzungusha kinyume cha saa, kama unavyofungua nati yoyote. Kikombe cha kulia hakifunguki hivyo. Thredi zake, yaani ile mistari ya skrubu, zimegeuzwa makusudi, unakifungua kwa kuzungusha kufuata saa. Pedali ya kushoto nayo ni vivyo hivyo. Alipoona hakitoki aliongeza bomba kwenye spana, akaning'inia. Kikombe kikapasuka.

Hayo niliyajua baadaye. Siku ile niliambiwa tu kwamba "vyombo vya ndani vimekwisha, tuweke vipya." Nikatoa shilingi 18,000 za vikombe na kotapini, pamoja na 35,000 zake za kazi. Alipomaliza, pedali ilizunguka kwa kukwaruza, inakwama kila robo mzunguko. Giya nayo ikawa inateleza: unakanyaga, mguu unashuka bure. Niliikokota baiskeli mpaka uani kwa jirani, nikakaa juu ya ndoo nikalia.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja kule Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Mzee yule hana bango wala kibanda. Ana mti, benchi, na makopo yapatayo 30 yaliyopangwa kwa ukubwa wa gololi. Nilimwamkia shikamoo, nikaieleza shida. Hakuigusa baiskeli mpaka nilipomaliza. Kisha aliinama, akaifuta habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaniita, "Binti yangu, njoo usome."

Maandishi madogo yalikuwa yamezunguka habu: Sturmey-Archer, AW, na kando yake 61 na 8. Akanieleza kwamba habu hizo za giya tatu zinapigwa chapa ya mwaka na mwezi zilipotengenezwa. Hii ilitoka kiwandani Uingereza Agosti 1961. Miezi minne baadaye Tanganyika ikapata uhuru, na mwaka uliofuata mwalimu kijana wa Muheza akainunua. Nilisimama pale barabarani nikaona haya kwa jinsi nilivyomkabidhi fundi wa kwanza kitu kile bila hata kukifuta vumbi. Kama una baiskeli ya zamani nyumbani, anza hapo. Chukua kitambaa na mafuta ya taa, usome kila kilichoandikwa kabla hujamwita mtu yeyote.

Kwenye habu hiyo ndipo tatizo la giya lilipokuwa. Kijana aliijaza grisi. Habu ya aina ile ndani ina vijino vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba kama uzi. Grisi inavigandisha visiinuke. Inataka mafuta mepesi tu, matone machache kupitia kitundu chenye kifuniko kidogo juu ya habu. Mzee aliifungua, akaiosha mara tatu, akaifunga. Giya zote tatu zikarudi. Kazi ya mchana mmoja, na hakubadilisha hata kifaa kimoja. Kitu kigeni kwangu kilikuwa hicho: chuma cha mwaka 1961 hakikuwa kimeharibika, kilikuwa kimechafuliwa wiki mbili zilizopita.

Vikombe vya pedali ndivyo vilivyotutesa. Raleigh za Nottingham zilitumia thredi zake zenyewe, 26 kwa kila inchi, wakati vikombe vinavyouzwa madukani vina 24. Kwa macho vinafanana kabisa. Ukikilazimisha kile cha 24 kitaingia mizunguko miwili, kisha kitaanza kukata thredi za fremu, na fremu ikishakatwa thredi hakuna duka linalouza nyingine. Bahati yetu, kijana aliviingiza kidogo tu akaishia njiani. Ndiyo maana pedali ilikuwa ikikwaruza, vikombe vilikaa mshazari.

Basi nikaanza kutafuta. Wiki sita. Nilikwenda Korogwe kwa mtu aliyesemekana ana stoo ya vifaa vya zamani, nikakuta vya Phoenix tu, zile baiskeli za Kichina. Nilipita kwa wanaonoa visu kwa baiskeli, kwa wauza mitumba ya vyuma, kwa mafundi wa Makorora. Mwishowe nikaipata Raleigh ya kike iliyopinda foki kwenye yadi ya vyuma chakavu, wakinipimia kwa kilo lakini walipoona macho yangu wakanipandishia bei mpaka 30,000. Nikalipa. Vikombe vyake vilikuwa vizima. Mzee akaweka gololi 11 kila upande, za robo inchi, na ekseli ikazunguka kimya. Kotapini hazikutoka nzima, ikabidi achonge nyingine kwa tupa, akiipima na kuirudisha, akiipima na kuirudisha, mpaka ikakaa.

Huku nyumbani mambo yalikuwa yanaharibika. Mume wangu aliona ujumbe wa malipo kwenye simu yangu, fedha zinakwenda kwa wanaume asiowajua. Aliona narudi magharibi nikinuka mafuta ya taa. Hakuuliza. Ni mtu wa namna hiyo, jambo likimuuma ananyamaza. Kwa wiki mbili alikuwa anakula, anashukuru, anageukia ukutani. Nilijiambia atafurahi akiiona, nivumilie. Sasa naona nilimwacha aumie kwa ajili ya siku moja ya kushangazwa. Ukitaka kumfanyia mwenzako zawadi ya siri inayochukua miezi na kula fedha za nyumba, mwambie angalau kwamba kuna siri, na kwamba ni ya heri. Neno moja tu. Mimi sikulisema.

Vingine vilikwenda vizuri. Tairi za 28 kwa inchi moja na nusu zinapatikana Tanga bila shida kwa sababu Phoenix zinatumia saizi hiyohiyo. Jozi pamoja na mipira ya ndani nilipata kwa 46,000. Angalieni tu namba ndogo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, iwe 635, maana kuna tairi nyingine zinazoandikwa 28 ambazo haziingii kwenye ringi hizi. Ringi zenyewe msikubali kubadilishiwa ovyo. Breki za fimbo zinabana ringi kwa chini, upande unaoelekea habu, kwa hiyo zinahitaji ringi zenye umbo lake maalumu. Ukiwekewa ringi za kawaida utakuwa na baiskeli nzuri isiyosimama. Kutu nyepesi juu ya vyuma vinavyong'aa niliitoa mwenyewe usiku, kwa karatasi ya jaribosi niliyoikunja na kuichovya kwenye siki. Unasugua taratibu, tope jeusi linatoka, chini yake unaona mng'aro wa mwaka 1961. Hiyo ilikuwa furaha yangu kubwa katika kazi yote. Kiti cha ngozi nilikiharibu kidogo. Nilikipaka mafuta ya nazi mara tatu nikidhani nakirutubisha, kikalegea kikabonyea katikati. Mzee aliukaza mkono wa skrubu ulio chini ya pua ya kiti, kikanyooka, akaniambia ngozi ile haitaki kulainishwa sana, inataka kukaliwa.

Ikabaki rangi.

Rangi ya asili ilikuwa nyeusi, imefifia, imebabuka hapa na pale, na mistari myembamba ya dhahabu ikionekana kwa shida. Mzee alishauri tuioshe, tuipige nta ya magari, sehemu zenye kutu tuzitibu moja moja kwa brashi ndogo. "Rangi hii ikitoka hairudi," alisema. Lakini zilikuwa zimebaki siku tisa, mzee akapata msiba akasafiri, na mimi nikawa natazama ile fremu yenye mabaka nikiona aibu kuitoa mbele ya wageni. Nikaipeleka kwa mpiga rangi wa magari. Nikamwambia, "Ing'ae."

Alipitisha grenda yenye msasa fremu nzima mpaka chuma kikawa cheupe, akajaza puti kila penye kishimo, akasawazisha, akapuliza rangi nyeusi na kuimalizia kwa vanishi. Shilingi 80,000. Iling'aa kweli. Ungeweza kujitazama ndani yake. Niliivika utepe kwenye usukani nikaona nimemaliza.

Siku yenyewe, baada ya wageni wa ofisini kuondoka na kubaki sisi wa nyumbani, kijana wetu akaitoa uani kwa jirani. Mume wangu alisimama. Aliitambua kwa nembo. Aliigusa ile nembo ya korongo, akapiga kengele mara moja, akacheka huku machozi yanamtoka. Watoto wakapiga vigelegele. Kisha nikamwona anapitisha mkono chini ya bomba la juu, kutoka kwenye kiti kuja mbele. Akaurudisha. Akaupitisha tena, polepole zaidi, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akaniangalia, akasema ahsante, akanikumbatia. Lakini mkono wake mmoja ulibaki palepale.

Usiku ndipo aliponieleza, baada ya kumbana sana. Chini ya bomba lile, mahali ambapo mtu hawezi kupaona asipoinama, baba yake alikuwa amekata alama tano kwa tupa. Kila mtoto alipoanza darasa la kwanza, mzee alimpakia mpaka shuleni, na waliporudi jioni aliigeuza baiskeli juu chini, akakata alama mtoto akitazama. Ya mume wangu ilikuwa ya pili. Ya nne ilikuwa ya mdogo wake, aliyefariki akiwa kijana, na ambaye hakuacha picha hata moja ya utotoni.

Vile vishimo alivyovijaza puti mpiga rangi ndivyo hivyo. Simlaumu hata kidogo, alifanya nilichomwagiza. Mama mkwe alikuwa ameniambia. Mzee wa Ngamiani alikuwa ameniambia.

Usiku uleule, katika kuzungumza, nikamsimulia na mengine yote, Korogwe, yadi ya vyuma chakavu, zile kotapini. Akaniangalia kwa mshangao. Akainama chini ya kitanda, akavuta sanduku lake la vifaa, akatoa kopo la Blue Band lenye kutu. Ndani mlikuwa na kotapini nne zilizofungwa kwenye karatasi ya mafuta, kikombe kimoja cha kulia ambacho hakijawahi kufungwa, gololi, na ufunguo wake maalumu. Baba yake alimkabidhi kopo lile miezi michache kabla ya kufariki. Nimelala juu yake miaka yote. Wiki zangu sita zilikuwa chini ya godoro langu.

Kwa anayetaka hesabu: jumla nilitumia shilingi 330,000, karibu mara tatu ya bajeti. Mzee wa Ngamiani alichukua 70,000, na ningemlipa zaidi kama angekubali. Tairi, raba za breki, cheni na spoku zilinila 73,000, ile Raleigh mbovu 30,000, nauli na kusafirisha 24,000. Zilizobaki, 133,000, ni fundi wa kwanza na vifaa vyake visivyofaa, na ile rangi. Fedha hizo nilizilipa ili niharibiwe. Kama ningeanza upya, ningepiga picha kila sehemu kabla ya kufungua nati ya kwanza, hasa chini na ndani, kusikoonekana. Na ningewauliza waliowahi kuipanda nini kiko wapi na kwa nini. Mwenye kujua baiskeli ile kuliko wote nilikuwa nakula naye kila siku, na ndiye pekee niliyemkwepa.

Wiki mbili baadaye mume wangu aliigeuza baiskeli juu chini pale kibarazani. Alipima shibiri moja kutoka kwenye maungio ya kiti, akaweka kidole, akaanza kukwangua rangi kwa ncha ya msumari. Nilitaka kumzuia, rangi ya elfu themanini! Nikajizuia mwenyewe. Puti ni laini kuliko chuma, ukigusa mahali penyewe inatoka kama unga. Baada ya dakika chache mfereji mdogo ukajitokeza. Alifukua wake tu, akaacha. Wa dada yake mkubwa ulingojea mpaka alipokuja kutoka Dodoma, akaufukua mwenyewe akiwa amepiga magoti kwenye mkeka. Wadogo zake wawili walio hai walikuja kwa Idi.

Wa nne tulikwenda nao Muheza. Tuliipakia baiskeli kwenye gari, tukaigeuza juu chini mbele ya mama mkwe, kwenye kivuli cha mwembe. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo mume wangu alimshika kidole akakiweka mahali. Hakutaka msumari. Aliomba tupa ileile, ambayo kumbe alikuwa nayo, ameifunga kwenye kipande cha kanga ndani ya kasha lake. Alikwangua taratibu sana, na hakuna aliyesema neno mpaka alipomaliza.

Sasa mume wangu huipanda kila asubuhi, huteremka nayo mpaka Raskazone na kurudi kabla jua halijawa kali. Kila Jumamosi naigeuza, natia matone matatu kwenye habu, kisha nachukua kitambaa na kupaka mafuta kidogo kwenye zile alama tano, maana hewa yetu ina chumvi na chuma kilichovuliwa rangi hakichelewi kushika kutu.